TV mbili modeli moja, vioo tofauti. Kwa nini watengenezaji hawatuambii?

mwanaGungu:
Wakuu habari za saa hizi. Nina kibanda cha kuonyesha mpira hapa Gungu, Kigoma. Mwaka jana nilinunua TV inchi 43 mjini, nikaipenda, nikaongeza nyingine duka lilelile, modeli ileile mpaka herufi ya mwisho, bei ileile. Ya kwanza inapiga mzigo mpaka leo. Ya pili tangu siku ya kwanza nyasi za uwanja zimepauka, aliyekaa benchi la pembeni anaona rangi zingine kabisa, na haikumaliza miezi nane ikabaki sauti tu picha hakuna, na waranti ya duka ilikuwa miezi sita. Fundi kazifungua zote mbili, anasema vioo vimetoka viwanda tofauti. Sasa kwa nini hawaandiki kwenye boksi wameweka kioo gani na taa gani? Mawese sokoni tunaonja kwanza ndo tunalipa, TV ya laki sita nauziwa mbuzi kwenye gunia?

Fundi_Ujiji:
Pole sana mkuu. Mimi nafungua hizi TV kila siku na hilo ulilokutana nalo nimeliona mara nyingi. Jina la mbele mara nyingi siyo la aliyetengeneza kioo. Viwanda vya vioo vinahesabika, BOE na CSOT wa China, AUO na Innolux wa Taiwan, na LG Display wa Korea kabla hawajauza kiwanda chao cha mwisho cha vioo vya LCD vya TV mwaka 2025, na kampuni ya TV inanunua kwa yeyote mwenye mzigo na bei nzuri wakati huo. Stika iko nyuma ya kioo, ikianza HV430 ni BOE, T430 ni AUO, LC430 ni LG Display, ila mpaka ufungue, na ukifungua waranti imekufa. Wakiandika kwenye boksi wanakuwa wamejifunga, mzigo wa kioo kile ukikosekana hawawezi kubadili kimyakimya. Hiyo ya kupauka ukikaa pembeni inaonekana ni kioo cha VA, aina inayopoteza rangi ukiitazama kwa pembeni, nyingine itakuwa IPS, aina inayoshika rangi hata kwa pembeni, zote boksi limeandika LED Full HD basi.

Na hiyo ya sauti bila picha mulika tochi kwenye kioo, ukiona picha kwa mbali ujue kioo kizima, zimekufa taa za nyuma. Taa zimeungana mstari mmoja, ikikata moja zinazima zote. Usitupe.

Isevya_Tabora:
Naongezea la kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme kwenye bodi ya TV, maana limenigharimu sana hapa Tabora. Kuna za kuhimili joto la nyuzi 85 na za nyuzi 105, kwa macho ni kilekile, tofauti ya bei ni ndogo mno. Kila joto likishuka nyuzi 10 umri wake unakuwa mara mbili. Chukua zilizoandikwa umri wa saa 2,000 kwenye joto lake la mwisho, ndani ya TV kukiwa na nyuzi 65, ya 85 inakwenda kama saa 8,000 na ya 105 kama saa 32,000. Kibanda kinachowasha saa 12 kwa siku, ya kwanza haifiki hata miaka miwili, ya pili inapita saba. Mtu anayeujua huo mchezo kiwandani na hamwambii mnunuzi anamuumiza, sioni neno lingine.

mama_Katubuka:
Hata nukta za picha zilizokufa kwenye kioo, yaani pikseli, wanazo hesabu zao jamani. Kuna kiwango cha kimataifa ISO 13406-2 cha 2001, baadaye kikarithiwa na ISO 9241, daraja la pili linaruhusu kwenye kila pikseli milioni moja ziwepo 2 zinazowaka muda wote na 2 nyeusi, na Full HD ina pikseli milioni 2 na kidogo, kwa hiyo unaweza kupewa nukta nne nyeupe ukaambiwa TV nzima hiyo. Daraja wanalijua wao, dukani hata muuzaji hajawahi kulisikia, kwa hiyo tusimgombeze sana muuzaji.

mwanaGungu:
Nimemulika tochi sasa hivi, picha ipo! Wachezaji nawaona kwa mbali. Fundi nakuletea kesho asubuhi, naomba unibadilishie taa zote siyo ile moja.

Fundi_Ujiji:
Lete mkuu. Na ile nzima nenda kwenye setingi shusha mwanga wa nyuma mpaka 60, hizo taa kutoka kiwandani zinasukumwa mpaka mwisho ili TV ing'ae dukani, joto hilo ndo linaziua.