Tupeane uzoefu: mliojitolea kwenye vituo vya vijana nje ya nchi, sikukuu mlizila vipi?

Mwana wa Ujiji:
Habari za jioni ndugu zangu wa Kigoma na Tabora. Kuna kijana wetu wa skauti hapa Mwanga, Kigoma, amepata nafasi ya kujitolea nje kwa miezi mitatu, kila siku ananiuliza maisha ya huko yakoje. Nimemweleza ya kwangu, ila ya mtu mmoja hayatoshi. Mliowahi, tupeni yenu. Naanza mimi.

Mwaka 2016 nilikuwa Kandersteg, Uswisi, kwenye kituo cha kimataifa cha skauti. Kipo tangu 1923, ndani ya bonde lililobanwa na milima mirefu. Kazi ni kazi kweli: kutandika vitanda, kusugua masufuria, kupokea vijana na mizigo yao, sote tumevaa pinki. Ramadhani ikanikutia huko mwezi Juni. Kwetu saa 1 jioni mtu umeshashika tende. Kule jua linazama karibu saa 3 na nusu usiku, na tangu alfajiri umefunga zaidi ya saa 17.

Sasa, mlima unalificha jua mapema. Siku za mwanzo wenzangu walinifuata jikoni mbio: "Limezama, kula!" Nikawa nawatoa nje, nawaonyesha kilele cha upande wa pili, bado kinawaka rangi ya chungwa. Haikupita wiki wakawa wanakilinda kile kilele kwa zamu. Mmoja anakaa dirishani, mwingine ameshika bilauri yangu ya maji. Hawakuwa Waislamu hata mmoja. Sijawahi kufuturishwa vile.

Idi ilipofika, mpishi mkuu aliniachia jiko zima. Mama alikuwa amenifungia chupa ya mawese ndani ya kanga, nayo kwa baridi ile yakaganda ndi! Ikabidi niiweke chupa kwenye maji ya moto mpaka yakalegea. Nikapika wali na maharage ya mawese. Harufu ilipotoka nikashindwa kuongea, nikageukia sinki nikajifanya naosha mwiko. Walipanga mstari mlangoni, kila mmoja akanipa mkono wa Idi.

Binti Unyanyembe:
Kaka umeniliza. Mimi ni Girl Guides, yaani skauti wa kike, Tabora mjini. Nilikuwa Sangam, pale Pune, India, kituo kilichofunguliwa 1966. Jina lenyewe maana yake ni kukutana pamoja. Diwali ilinikuta huko. Mchana tulichora maua ya unga wa rangi sakafuni, magoti yakauma. Jioni tukawasha vitaa vya udongo, kimoja kimoja, kila ngazi na kila dirisha. Mama mmoja wa jikoni alinishika mkono akanionyesha namna ya kuzungusha utambi wa pamba kiganjani ili usizimike. Nami nikawafundisha vigelegele. Ulimi uliwagomea karibu wote, ila yule mama alivipiga kama mtu wa Kwihara, kwetu Tabora!

Kasulu Moja:
Mwambieni kijana na la pesa. Mimi nilikula nikashiba, nikalala pazuri, ila posho ilikuwa kidogo sana, na nyumbani walijua nimekwenda kutafuta maisha. Krismasi wenzangu wanaimba, mimi simu inaita, mjomba anataka ada ya mtoto. Niliumia mno. Akae na wazazi kabla hajapanda treni, awaeleze kwamba ni kujitolea.

Mtoto wa Reli:
Nami nilipita Kandersteg, mwaka mwingine. Nyumba ile ya zamani ya kituo walikaa mafundi waliochimba handaki la reli la Lötschberg, lililofunguliwa 1913. Kwangu lilikuwa jambo kubwa, maana nimekulia kota za reli hapa Tabora, na reli yetu ilifika Kigoma 1914. Zama zilezile! Nilikuwa napapasa ngazi za mbao nawaza waliozikanyaga na matope yao.

Tarehe 1 Agosti ni sikukuu ya taifa lao, wanakumbuka mapatano ya 1291. Usiku wanawasha mioto milimani, watoto wanatembea na taa za karatasi. Kijana wa Mexico akaniuliza, kwenu je? Nikamwambia sisi Desemba 9, 1961 tuliuwasha Mwenge juu ya Kilimanjaro. Akaita wengine, nikasimulia upya. Tulikaa pale mpaka moto ukawa makaa.

Mwana wa Ujiji:
Asanteni sana. Kasulu Moja, kesho naenda mwenyewe kwa wazazi wake. Kijana amesoma yote, ameuliza moja tu: chupa ya mawese inafungwaje isimwagike? Mdogo wangu, usiijaze hadi mdomoni. Kaza kifuniko, zungushia nailoni mara mbili, halafu kanga, uilaze katikati ya nguo kwenye begi kubwa, si la mkononi. Kanga mwombe mama yako, ile anayoivaa.