Nataka kutenga sehemu ya kuchomelea vyuma uani, bajeti ndogo. Nianzie wapi?

Uani_Kigamboni
Wakuu, habari za jioni. Nina eneo la mita 3 kwa 4 nyuma ya nyumba, Kigamboni, kati ya ukuta wa jiko na uzio wa jirani. Chini ni mchanga, paa hakuna. Nataka niwe nachomelea vitu vya nyumbani mwisho wa wiki: stendi za maua, stuli, banda la kuku, baadaye geti dogo. Si biashara. Bajeti haizidi laki nane, mashine ikiwemo. Umeme ni wa Luku, fezi moja, na soketi ya karibu iko jikoni, kama mita 20. Ninunue mashine gani, umeme niuvuteje, na kwenye paa na meza kipi ni cha lazima? Jirani ana watoto, na ng'ambo ya uzio kuna kibanda cha makuti.

Ampea_80
Ndugu, malizana na umeme kwanza, mashine baadaye. Watu wengi humaliza hela kwenye mashine halafu wanaichomeka kwenye ekstensheni ya televisheni, kisha wanasema mashine ni mbovu.

Mashine ya inverta (ile ndogo ya kielektroniki) ikichoma rodi, yaani kijiti cha kuchomelea, ya mm 2.5 kwa moto wa ampea 80 inavuta ukutani takriban ampea 12 hadi 15. Ukipanda rodi ya 3.2 kwa moto wa 120, unavuka 20. Soketi ya jikoni ni ya ampea 13, kwa hiyo kwa rodi ya 2.5 uko ukingoni, na kwa 3.2 plagi inaweza kuyeyuka. Kinachoumiza zaidi ni umbali. Waya wa shaba wa 1.5 mm² kwa mita 20 na mzigo wa ampea 20 unapoteza karibu volti 12. Wa 4 mm² hauzidi volti 5. Jioni umeme wa mtaani ukiwa tayari umeshuka, volti hizo 12 ndizo zinazofanya rodi igande kwenye chuma. Unaongeza moto ukidhani ndiyo dawa, kumbe waya ndio unachemka. Na ekstensheni ya kuzungusha isibaki imejiviringa kwenye kigurudumu chake. Joto halina pa kutokea na plastiki inalainika.

Kwa hiyo: laini ya peke yake kutoka meni swichi, waya wa 4 mm² ndani ya bomba, breka ya ampea 25 aina ya C (aina ya B huruka mashine inapowashwa), na kinga ya kuvuja umeme ya mA 30. Mwisho wake weka soketi ya viwandani ya bluu yenye kifuniko, urefu wa mita 1.2 kutoka chini. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na mwambie apime ethi ya nyumba kabla hajaondoka. Hapo usibane hela.

BintiGrenda
Naongezea upande wa mashine. Chukua inverta ya rodi, basi. Mashine ya waya na gesi uiache kwanza: upepo mdogo tu wa kutikisa majani unapeperusha gesi, na mshono unatoka na matundu kama sifongo. Rodi inatengeneza kinga yake yenyewe kutoka kwenye dawa iliyopakwa, ndiyo maana inavumilia uwanjani. Hata hivyo kusi ya Juni na Julai ni kali kwenu huko, kwa hiyo kizuizi cha kwanza kiwe upande wa kusini.

Usidanganywe na maandishi ya "ampea 250" ubavuni. Angalia kibao cha nyuma, sehemu ya asilimia. Ikiandikwa asilimia 30 kwa ampea 160, maana yake katika kila dakika 10 uchome 3 na upumzishe 7. Kwa kazi zako ampea 160 za kweli zinatosha kabisa.

Kitu kinachoua inverta uani ni vumbi la grenda. Lile vumbi ni chuma, feni inalivuta ndani, linatua kwenye saketi na kuunganisha visivyopaswa kuunganishwa. Iweke mashine mita 2 au 3 kutoka unaposagia, upande upepo unakotokea, na ukimaliza irudishe ndani ya nyumba. Ikilala nje, chumvi ya bahari na mijusi vitaimaliza.

Rodi: E6013. Bomba la unene wa 1.5 mm lichome kwa rodi ya 2.0, moto 45 hadi 60. Chuma cha 3 mm, rodi ya 2.5, moto 70 hadi 85. Pakiti ikishafunguliwa, zihifadhi kwenye kipande cha bomba la plastiki la inchi 3 chenye vifuniko pande zote. Rodi iliyonyonya unyevu inarusha cheche ovyo na ganda linang'ang'ania. Unaweza kuzikausha kwa nyuzi 100 hadi 120 kwa saa moja. Moto mkali zaidi unaharibu dawa ya E6013.

Pima_Maji
Paa na meza.

Paa liwe la bati, geji 30 linatosha, kimo mita 2.5 upande wa chini. Turubai la plastiki usilifikirie, cheche moja inalitoboa na likishika moto linadondosha matone yanayowaka. Sehemu ya bati inayotazama kazi ipake rangi nyeusi isiyong'aa. Bati jipya linarudisha mwanga nyuma ya helmeti na kukuunguza macho ukiwa umejifunika vizuri tu. Upande wa jirani weka ukuta wa bati wa mita 2, uache sentimita 20 chini hewa ipite. Hao watoto wakiangalia mwanga, usiku wataamka macho yanakwaruza kana kwamba yametiwa mchanga.

Meza ya sentimita 120 kwa 60, kimo 85, inatoka kwenye engo (chuma cha pembe) mbili za mm 40x40x4 na fleti (chuma bapa) moja ya mm 50x6, zote za mita 6. Engo ya kwanza inatoa vipande viwili vya 120 na miguu minne ya 85. Ya pili inatoa viwili vya 120 na vinne vya 60, na inabaki karibu mita nzima na ziada. Fleti ikate vipande 10 vya sentimita 59.8, maana diski nayo inakula chuma. Vipange juu kwa kuacha nafasi ya takriban sentimita 7.8. Nafasi hizo ndizo zinazopitisha vibano, na bamba zima la 6 mm la ukubwa huo lina kilo 34 na bei yake si ya bajeti yako.

Usichome kona moja hadi mwisho. Shikiza kona zote kwa nukta, pima mshazari kwa mshazari, tofauti isizidi 2 mm, ndipo uchome ukirukia kona za kukabiliana. Ukimaliza kona moja mfululizo fremu inajivuta, na kuinyoosha ni kazi kuliko kuitengeneza.

Simama juu ya ubao mkavu, hasa masika. Mashine iliyowashwa ikiwa haichomi ina volti 60 hadi 80 kwenye holda (kishikio cha rodi), na mchanga uliolowa pamoja na glavu zenye jasho ni njia nzuri ya umeme. Kibano cha ethi (cha waya wa pili wa mashine) kibane kwenye kazi yenyewe, chuma kikiwa kimesuguliwa hadi king'ae.

Uani_Kigamboni
Asanteni sana, nimeelewa vizuri. Banda la kuku nilitaka kutumia mabomba ya zinki niliyobaki nayo, na wavu wa kawaida. Inafaa? Na yale makuti ni mita 6 tu kutoka hapo.

BintiGrenda
Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe. Ukiuvuta, saa chache baadaye unapata homa, baridi na ladha ya chuma mdomoni. Wengi wanakimbilia kupima malaria. Maziwa hayazuii, hata kama mafundi wote wa mtaani watakuambia. Saga zinki sentimita 4 kila upande wa kiungo, vaa barakoa ya chembechembe, kaa upande unakotoka upepo. Mahali uliposaga parudishie rangi ya zinki siku hiyohiyo, la sivyo chumvi itaanzia hapo. Wavu usiuchome, nyuzi zake ni nyembamba zitakatika. Chomea fremu tu, kisha wavu ufunge kwa bindingwaya kila sentimita 15.

Ampea_80
Mita 6 ni karibu mno. Cheche za grenda zinafika mita 10 bila shida. Meza igeuze ili usage ukielekea ukuta wa jiko, lowesha ardhi ya upande wa uzio kabla hujaanza (si pale unaposimama), na kaskazi ikivuma kuelekea kwenye makuti siku hiyo usisage. Ndoo mbili za mchanga na mpira wa maji wenye presha viwe mkononi, na ukizima mashine kaa hapo nusu saa, kwa sababu makuti huanza kufukuta kwa ndani kabla moshi haujaonekana.