Mrejesho: nyumba ya kupangisha Cleveland huku mimi naishi Seattle

Wakuu habari zenu, narudi kama nilivyoahidi. Mwezi wa pili niliuliza hapa naanzaje kununua nyumba ya kupangisha jimbo lingine, maana bei za Seattle kwa mshahara wangu hazishikiki.

Nimenunua! Cleveland, Ohio, nyumba ya familia mbili, juu na chini, ya mwaka 1924. Aliyenishauri nilipie kamera ipitishwe kwenye bomba la maji taka kabla ya kusaini, Mungu akubariki sana, kwenye video nimeona kwa macho yangu mizizi ya mti imejaa ndani ya bomba la udongo kama nywele, na muuzaji akapunguza dola 6,000. Yule aliyenitahadharisha kuhusu rangi ya zamani yenye madini ya risasi (lead) naye alisema kweli, pale nyumba ya kupangisha iliyojengwa kabla ya 1978 lazima iwe na cheti cha kuonyesha ni salama dhidi ya madini hayo, mi hilo sikulijua kabisa.

Nilikofeli ni kwa meneja, yaani wa kunisimamia nyumba na wapangaji huko. Mliniambia nihoji watatu na niongee na wateja wao, nikachukua wa kwanza kisa anataka asilimia 7 tu ya kodi, juu kukakaa tupu miezi miwili na simu hapokei. Nimembadilisha, wa sasa anachukua 10 ila kila akienda ananitumia video. Chini kuna mpangaji, juu anaingia tarehe 1. Faida bado, hela yote imeishia kwenye bomba na ngazi ya nyuma.

Asanteni sana ndugu zangu, kwa kweli mmenisaidia.