Kwenda kazini kwa kinga (baiskeli) na nguo za kazi: kuvaa kabisa, kubadilisha ukifika, au kubaki na basi?

Mwana_Ruashi
Bandugu, nisaidieni. Nakaa Ruashi, hapa Lubumbashi, kazi iko mjini kati. Nahesabu kilomita 9 hivi. Kazini ni shati jeupe, suruali ya kitambaa na viatu vyeusi. Mkubwa wangu anatazama viatu kwanza, salamu anaitikia baadaye. Nimechoka kugombea nafasi ya basi kila asubuhi, na shati linafika limekunjamana vilevile. Basi nimenunua kinga.

Sijui nishike njia gani. Nipande na nguo za kazi, polepole? Au nivae nguo kuukuu nibadilishe nikifika (choo chetu ni kimoja, hakina hata msumari wa kutundikia shati)? Au niwe mtu wa kinga wakati wa kipwa (kiangazi) na mtu wa basi wakati wa mvua? Nani amejaribu?

Mama_Kampemba
Mwaka wa tatu huu napanda na nguo za kazi, tena kitenge. Kinga yangu ni ya kike, haina bomba la juu, kwa hiyo nguo haipandi magotini. Ukiona jasho, ujue umekimbia. Toka nyumbani dakika 10 mapema, uende kama mtu anayetoka misa. Lubumbashi si Bukavu, hakuna mlima wa kukuonea.

Halafu begi usilibebe mgongoni. Mgongo ndio unaolowa wa kwanza. Liweke kwenye keria, ulifunge na mpira wa ndani wa tairi.

Fundi_Katuba
Weye unauliza nguo, miye nauliza kinga iko ya aina gani? Hizi za mtumba kutoka Ulaya, za gia nyingi na matairi ya meno, nyingi zinafika bila madigadi. Njia ikiwa na maji, tairi la nyuma linakuchora mstari wa matope toka kiuno mpaka shingo. Ile nyeusi ya zamani, ya wale baba wanaoleta makala (makaa) mjini, iko na madigadi na kifuniko cha cheni, na unakaa wima. Iko nzito, ndiyo. Shida yake ni freni: rimu ya chuma ikilowa, raba inateleza, kwa hiyo shika freni mapema sana. Rimu ya aluminiamu inashika vizuri zaidi kwenye maji.

Kuna mteja nilimchanganyia: kinga ya Ulaya, madigadi ya ile nyeusi, nikatoboa na kufunga na waya. Sura yake mbaya, lakini anafika na shati jeupe. Kama hauna kifuniko cha cheni, funga mguu wa suruali wa kuume na kipande cha mpira. Ule wa kushoto uache tu.

Mwalimu_Kasapa
Mimi naona mnaogopa kitu kisicho. Mvua zetu kubwa, za mwezi wa 11 mpaka wa 3, mara nyingi zinashuka mchana au jioni. Asubuhi unakuta matope ya jana tu. Ukilowa jioni unaenda nyumbani, unavua, shida iko wapi?

Kinachomaliza shati jeupe ni vumbi la mwezi wa 8 na wa 9. Jekundu, na likikutana na jasho la kola halitoki hata kwa Omo. Ndiyo maana nilishika njia ya katikati: suruali naivaa nyumbani, juu navaa fulana na sweta, shati linasafiri limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kubadilisha shati hakuhitaji choo, nasimama nyuma ya mlango tu.

Na usisahau baridi ya mwezi wa 6 na wa 7. Kuna asubuhi inashuka chini ya digrii 10, vidole vinakufa kwenye gidoni (usukani), na saa za mchana uko unatafuta kivuli. Vaa nguo mbili nyepesi unazoweza kuvua njiani. Jaketi moja zito litakupikia jasho.

Kijana_wa_Kenya
Kenya ya hapa Lubumbashi, si ile nchi. Kwa mvua, ponsho, lile vazi pana la mvua la kuingiza kichwa tu. Nilianza na jaketi la plastiki na suruali yake, nikafika nimelowa kutoka ndani, jasho tupu. Ponsho inafunika mpaka gidoni na hewa inapita chini. Ubaya wake ni upepo, unageuka mtumbwi wenye tanga. Mwavuli nilijaribu siku moja. Msiniulize.

Mama_Kampemba
Kijana, na radi? Mwezi wa 12 radi ya hapa haichezewi, ponsho au bila ponsho. Miye nasimama kwenye baraza la duka mpaka ipite. Chini ya mwembe, hapana!

Dimbwi usilolijua usiliingie. Maji yakijaa huoni kanivo (mfereji) iliyo wazi. Reli nayo ikilowa ni sabuni. Ivuke ukiwa umeinyooshea tairi. Ukiivuka mshazari, utaanguka na kitenge chako mbele ya watu. Naijua hiyo.

Mwana_Ruashi
Narudi baada ya wiki tatu. Basi nimeachana nalo: siku ya mvua ndiyo siku linakosekana, na likija bei imepanda. Nimefuata Mwalimu kwa shati na Mama kwa mwendo. Dakika 45, natoka jasho kidogo kwenye kola ya fulana tu. Viatu vyeusi vinalala kazini chini ya meza, napanda na viatu vya mpira. Mkubwa ameanza kuniuliza nani ananipakia rangi.

Limebaki moja. Mlinzi wa pale kazini anataka franka 500 kila siku ili aangalie kinga. Nimlipe, au ninunue mnyororo na kufuli?

Fundi_Katuba
Mulipe. Hiyo minyororo ya sokoni, kila wiki kuna mtu ananiletea yake kwa sababu amepoteza ufunguo. Naikata na koleo, hata sisimami.