Waliofufua magari yaliyokaa juu ya mawe miaka mingi, tupeane uzoefu

Wakuu wa Moshi na Arusha, naanza mimi.

Land Rover 109 ya 1964 ya marehemu babu ilikaa juu ya mawe huko Kibosho tangu 1996, katikati ya migomba. Ndiyo iliyokuwa ikishusha kahawa ya majirani chamani. Mnunuzi wa chuma chakavu alishaelewana bei na baba mdogo, nikaomba nipewe mwaka mmoja.

Bodi yake ni aluminiamu, kwa hiyo rangi ilibabuka lakini mabati yalikuwa mazima. Ugonjwa ulikuwa chini. Chesisi ni chuma, na kwa mvua za mlimani, nilipogonga karibu na springi za nyuma, nyundo ilizama. Tukakata, tukachomelea kipande kipya.

Injini ilikuwa imekamata. Fundi wa kwanza alitaka tuivute na trekta ikiwa kwenye gia mpaka iachie. Nilikataa, na nashukuru mpaka leo, maana ringi za pistoni zilizoshikwa na kutu ukizilazimisha zinakatika na kuchana silinda. Tulifungua plagi zote nne, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili ya gia boksi ya otomatiki. Kila jioni nikitoka kazini napita kujaribu kuizungusha injini kwa hendeli, taratibu. Siku ya 11 ikasogea upana wa kidole. Nilikaa chini kwenye majani, sikuweza kusema kitu.

Tanki, kabureta na pointi zilitaka kusafishwa tu. Ilipowaka, bibi alitoka jikoni akaweka mkono juu ya boneti, hakuutoa mpaka tulipozima.

Kilichobaki: dainamo haichaji betri. Nani ana uzoefu?

Mdau wa Machame
Hongera sana mkuu. Mimi nilifufua Peugeot 404 ya mjomba, aina ile iliyoshinda Safari Rally 1963, kisha 1966 hadi 1968. Ilipowaka tu nikaingia barabarani. Mteremko wa kwanza, pedali ya breki ikaenda mpaka chini. Mipira ya masta silinda ilikuwa imekauka yote. Nilirudisha gia ya kwanza, nikaegemeza gari kwenye ngema. Tafadhali, breki zitangulie, hata kama injini inakuita.

Dada wa Sakina
Yangu ni Volkswagen Beetle ya marehemu baba, hapa Arusha. Betri yake hukaa chini ya kiti cha nyuma, asidi ilikuwa imekula sakafu. Hilo lilikuwa dogo. Kadi ilikuwa na jina la baba, ikabidi tuanzie mahakamani kupata msimamizi wa mirathi, ndipo twende TRA kubadili jina. Malizeni hayo kabla ya kununua hata plagi moja.

Mzee wa Ngaramtoni
Kijana wa Kibosho, Land Rover za miaka hiyo waya wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, si hasi kama magari ya leo. Fundi wako amefunga vipi?

Mwanzisha mada
Shikamoo mzee. Nimetoka kuangalia kwa tochi. Amefunga hasi.

Mzee wa Ngaramtoni
Marahaba. Basi betri imefungwa kinyume. Itoe usiku huu, usiwashe tena. Kesho tuma picha ya dainamo na ile katauti yake (swichi inayozuia umeme wa betri usirudi kwenye dainamo), tuone kama vimepona.