Gumzo la familia: Zuhura na upimaji wa KKK

Mama Zuhura: Baba, shikamoo. Wifi, habari za jioni? Naomba ushauri wenu, hasa wako wifi, kwa kuwa umefundisha Darasa la Kwanza na la Pili miaka mingi. Mwalimu wa Zuhura ametuarifu wazazi kwamba upimaji wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, utafanyika mwezi ujao. Kitabu chake cha kusoma anakimaliza bila kukwama, lakini jana nilipoufunika mchoro kwa kiganja na kumwonyesha sentensi ya katikati ya ukurasa, alinitazama tu, kisha akaanza kusoma kutoka juu kama kawaida yake.

Babu: Marahaba, mwanangu. Huyo hasomi, amekariri.

Baba Zuhura: Mimi nilikuwa nimependekeza tumpeleke tuisheni. Vilevile duka la steshenari lililo karibu na stendi linauza majaribio ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake, nikaona akiyapitia yote atakuwa ameiva.

Shangazi Mwajuma: Kaka, fedha hiyo mnunulieni hadithi fupi mbili ambazo hajawahi kuziona. Katika upimaji wa kusoma mtoto hukaa ana kwa ana na mpimaji, akapewa karatasi na kusoma kwa sauti, kwa hiyo majibu ya kukariri hayatamfaa kitu. Upimaji wa aina hii ulipofanyika nchini Tanzania mwaka 2013, watoto walisomeshwa silabi, maneno ya kawaida, kifungu cha habari, na pia maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote. Hayo ya mwisho ndiyo yanayomuumbua aliyekariri, maana hakuna aliyewahi kuyasikia, na mtoto hawezi kuyasoma isipokuwa anajua sauti ya kila herufi na namna ya kuziunganisha.

Mama Zuhura: Maneno yasiyo na maana? Kwa mfano yapi, wifi?

Shangazi Mwajuma: Kwa mfano "tefo", "dulapi", "ngosha". Yaandike kwenye vipande vya boksi la sabuni, uyachanganye, umwonyeshe moja moja.

Babu: Hilo la tatu liondoeni. Nilipokuwa kiwanda cha kuchambua pamba Shinyanga, kila mtu aliniita ngosha, na kwa Wasukuma maana yake ni mwanamume.

Shangazi Mwajuma: Limeondoka, Baba. Wekeni "ngoshu". Sasa wifi, niambie: akikutana na neno geni, hulisomaje?

Mama Zuhura: Hutaja herufi moja moja. Jana alipofika kwenye "mahindi" alisema "me, a", akakwama hapo hapo. Baba yake ndiye aliyemfundisha a, be, che, de tangu hajaanza shule.

Shangazi Mwajuma: Basi tatizo tumelipata. Mtoto akitaja "me" na "a", anapounganisha hupata "mea", hapati "ma". Ndiyo sababu mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza kutumika mwaka 2015 ulisisitiza sauti za herufi kuliko majina yake. Mwambie afumbe midomo, atoe sauti ya m bila irabu, aivute, kisha aiachie kwenye a. Mkifanya hivyo kwa dakika kumi kila jioni kabla ya chakula, mtaona tofauti mapema kuliko mnavyodhani.

Baba Zuhura: Nimekuelewa, dada. Je, kuhusu kasi? Nilisikia kwamba wanapimwa kwa saa, nami nilikuwa nimeanza kumtegea saa ya kwenye simu.

Shangazi Mwajuma: Ni kweli, kifungu husomwa kwa dakika moja, na kiwango kilichowekwa kwa Darasa la Pili ni maneno 50 yaliyosomwa kwa usahihi. Hata hivyo, mwenye kusoma mbio bila kuelewa hukwama mara tu anapoulizwa maswali ya habari aliyoisoma. Kwa hiyo simu iweke mbali kwa sasa. Akimaliza aya, muulize nani alifanya nini, na kwa nini, naye ajibu kwa maneno yake. Kasi huja yenyewe pale jicho linapoizoea silabi, na kwa maoni yangu saa ya kila siku humfundisha mtoto woga tu.

Mama Zuhura: Na upande wa kuandika? Nimempa imla sasa hivi, sentensi moja tu: "Mbwa wa mjomba analinda nyumba." Yeye ameandika: "Bwa wa mjoba analida nyuba." Picha ya daftari hiyo hapo.

Shangazi Mwajuma: Nimeiona. Mwandiko ni mzuri na nafasi kati ya maneno ameziacha vizuri, naomba umsifu kwa hilo kwanza. Kosa lake ni la aina moja tu: anadondosha m iliyo kabla ya b na n iliyo kabla ya d, na watoto wengi wa umri wake hufanya hivyo kwa sababu sauti hizo hupita haraka sikioni. Unapomsomea imla, soma sentensi nzima kwanza akiwa ameweka penseli chini, kisha irudie kipande kwa kipande akiandika, halafu isome yote tena ili ajikague. Usiikatekate silabi ili kumsaidia, maana siku ya upimaji hatasomewa hivyo.

Babu: Mimi nitampigia simu kila jioni anisomee aya moja, mradi asiichague yeye.

Shangazi Mwajuma: Ahsante, Baba. Wifi, kesho anzeni na mb peke yake: mbuzi, mbegu, kamba, shamba. Akizipata zote bila kudondosha, keshokutwa mwingie nd. Hiyo ng' ya ng'ombe iacheni hadi wiki ijayo, na Jumamosi nitumie picha ya daftari.