Naomba ushauri: niandike "distribute", "issue" au "allocate" katika ripoti ya mfadhili?

Karani_wa_Mradi (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni karani katika mradi mdogo wa kilimo, na keshokutwa asubuhi ninatakiwa kukabidhi ripoti ya Kiingereza kuhusu mbegu za mahindi tulizopokea kwa ajili ya vijiji vitatu. Kwa Kiswahili ningeandika "tuligawa" na kwenda kulala, lakini kamusi imenipa "distribute", "issue", "allocate", "dispense", "hand out" na "dole out", nami naona yote yanaelekea pamoja. Nimeelemea "allocate" kwa sababu linasikika la kiofisi. Je, lina kasoro?

BibiChaki
Mwanangu, hayaelekei pamoja hata kidogo. Ndani ya "allocate" kuna neno la Kilatini lenye maana ya mahali, na kazi yake hadi leo ni kumwekea mtu fungu lake kando, hata kama fungu lenyewe bado liko ghalani. "Distribute" husema kwamba vitu vimewafikia wengi. "Hand out" ni hilo hilo kwa lugha ya mazungumzo, "dole out" mara nyingi hubeba dharau ya mtoaji, na "mete out" waachie mahakimu, kwa kuwa siku hizi hutumika zaidi kwa adhabu. Chunga na sarufi: sisi husema "tuliwagawia wakulima mbegu", ila Mwingereza hakubali "distributed farmers seeds", lazima mbegu zitangulie, kisha "to farmers".

DawaKaunta
Mimi ni mfamasia, kwa hiyo niruhusuni nilitetee "dispense", ambalo asili yake ni kupima kwa mizani. Unasoma cheti, unahesabu vidonge, unaandika maelekezo, ndipo unampa mgonjwa mmoja aliye mbele yako. Nilipoanza kazi niliandika katika rejista kwamba nime-"distribute" vidonge 30 kwa mama mmoja, na msimamizi wangu akaniuliza kama nilikuwa nimesimama juu ya lori nikivirusha.

Kichwangumu
Kwa wakulima wetu "dole out" ndilo neno sahihi, maana hakuna mgao usioishia kwenye dole gumba na kidau cha wino.

StooKuu
Nimetunza stoo kwa miaka 26 hadi nilipostaafu, na neno la stoo ni "issue". Asili yake ni kutoka nje, nasi hatukuliandika kabla mzigo haujavuka mlango ukiwa na hati na saini ya aliyeupokea. Leja ina safu ya vilivyopokelewa, ya vilivyotolewa na ya salio, basi. Kwa hiyo, kijana, kabla ya kitenzi tupe hesabu: mlipokea mifuko mingapi, na waliotia saini walichukua mingapi?

Karani_wa_Mradi
Shikamoo, mzee wangu. Kwa heshima zote, swali langu ni la lugha, na sioni idadi inaingiaje.

BibiChaki
Inaingia, kwa sababu "allocate" na "issue" hutenganishwa na idadi hiyo hiyo unayoificha.

Karani_wa_Mradi
Haya. Tulipokea mifuko 480, na iliyosainiwa ni 310. Mifuko 120 bado iko stoo kwa kuwa mvua imekata barabara ya kijiji cha tatu, jambo ambalo si kosa la mtu yeyote. Lakini kila mfuko ulikuwa na jina la mkulima katika orodha tangu siku ya kwanza, kwa hiyo nikiandika kwamba mifuko yote 480 ilikuwa "allocated" sijadanganya, na aya hiyo nimekwisha kuichapa.

StooKuu
Marahaba. 310 na 120 ni 430.

MpitaNjia
Wakubwa, mnapoteza muda. Wiki mbili zilizopita mwanzisha uzi huyu huyu aliuliza tofauti ya "borrow" na "lend", akiwa na haraka hii hii na ripoti isiyokwisha. Hakuna mradi wala mahindi hapa; huyu ni mwalimu anayetutumia kutunga zoezi la visawe.

DawaKaunta
Sasa ninajuta kusimulia habari za rejista yangu.

BibiChaki
Kama ni zoezi, limetungwa na mtu anayejua mahali Kiswahili kinapotuponza. Sisi tuna "kuazima" moja kwa anayetoa na anayepokea, na Kiingereza kimewagawa wawili hao.

Karani_wa_Mradi
Mimi si mwalimu, na lile swali lilihusu mbegu hizi hizi. Mwenyekiti wa kijiji kimojawapo alichukua mifuko 50 kwa ahadi ya kuirudisha kabla ya kupanda, nami nilitaka kujua kama niandike kwamba yeye aliazima au kwamba sisi tulimwazima, kwa sababu naona kwa Kiingereza lawama hubadilika mwenyewe kulingana na kitenzi. Nilipokosa jibu lililonipa amani ndipo nikafikiria "allocate", ambalo halimtaji mtu.

MpitaNjia
Hadithi inazidi kunoga. Tuwekee basi nakala ya hati ya mifuko hiyo 50, ukifuta majina.

StooKuu
Hapo ninaungana naye, ingawa si kwa sababu yake. Andika "received 480, issued 310, in store 120", kisha ile 50 iwe na mstari wake wenye namba ya hati na jina la aliyeruhusu itoke. Nani alisaini?

Karani_wa_Mradi
Hati haikuandikwa. Funguo za stoo ninakaa nazo mimi.